Jani Lililogeuzwa Panga

Geuza ilipomaliza kazi yake, shemeji wa Anansia alikuwa ameshika panga.

Anansia hakupiga kelele. Aliirudisha video nyuma kwa kidole, akaitazama upya palepale kaunta ya steshenari, huku foleni iliyokuwa nyuma yake ikinung'unika. Skrini ilionyesha kila kitu kama kimetokea asubuhi ile. Migomba ya kihamba chao, shamba la nyumbani. Mfongo, mfereji wa maji ya mlimani, ukipita kando na maji yake machache. Kundaeli, mumewe, katika shati la bluu alilokuwa amevaa siku ya kifo chake. Ndetaramo, mdogo wake Kundaeli, anatokea kulia, mkono umenyooka mbele, na mkononi panga jembamba linalometa. Kundaeli analipiga kwa kiganja. Linaanguka kwenye nyasi. Anarudi nyuma, mguu unateleza, anatumbukia mfongoni. Ndetaramo anainama ukingoni, kisha anakimbia.

Hapo video inakwisha.

"Mama, hujamaliza tu?" mtu mmoja aliuliza.

"Sijamaliza. Na wewe subiri, hujaja hapa kufiwa."

Miaka miwili mizima alikuwa akiambiwa kwamba mumewe aliteleza peke yake, akapiga kichwa kwenye jiwe. Aliyesema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Ndetaramo. Kisha juma lile, akisafisha mzinga mkavu wa nyuki, Anansia aliikuta kamera ndogo ambayo Kundaeli aliificha humo ili anase wezi wa ndizi. Kamera ilikuwa ya zamani, na video yake ya umbizo la zamani. Tangu ipitishwe Sheria ya Umbizo Moja, hakukuwa na simu, televisheni wala mahakama iliyoweza kufungua kitu kama hicho. Harusi za watu, ubatizo, misiba, vyote vilikuwa vimefungiwa nje ya mlango. Ukitaka kuviona, ulivipandisha mtandaoni kwa Geuza, ukasubiri, vikatoka vipya.

Na vilitoka vizuri kuliko vilivyoingia. Mafaili ya zamani yalikuwa hafifu, yana mapengo, na Geuza iliyajaza. Bibi aliyekuwa wingu tu kwenye video ya harusi yake alitoka na kope. Watu walilia kwa furaha. Hakuna aliyeuliza kope zile zilitoka wapi.

Anansia naye hakuuliza. Alikuwa na sababu zake. Matanga ya Kundaeli yalikuwa hayajaanuliwa vizuri Ndetaramo alipong'oa masale ya mpaka, mimea ile yenye majani marefu ambayo Wachagga huipanda pale shamba la mtu linapoishia, akausogeza ua wake hadi ng'ambo hii ya mfongo. "Kaka hakuacha mtoto wa kiume," alisema, kana kwamba Aikande, binti yao, alikuwa mbuzi. Na tangu Kibo kubaki jiwe tupu bila theluji, maji ya mfongo yaligawiwa kwa zamu. Aliyeushika mpaka ndiye aliyeyashika maji. Kahawa ya Anansia ilikauka mbele ya macho yake.

Kwa hiyo aliipeleka video polisi. Walipomfuata Ndetaramo, Anansia alisimama kando ya njia, mikono kiunoni, akahakikisha kwamba anamwona.

Lilibaki jambo moja tu. Mwenye faili alitakiwa kusimama mbele ya Baraza la Ushahidi, aweke kidole gumba, atamke: "Picha hii ni ile ile." Akishatamka, kadi ya kamera ya zamani husagwa, ili pasiwe na picha mbili zinazobishana.

*

"Toka nje, Mama Aikande! Toka nikuone, wewe unayeua watu kwa kidole gumba!"

Elirehema, mke wa Ndetaramo, alikuwa ameshika nguzo za lango kama anayetaka kuondoka nazo. Anansia alitoka polepole, akijifuta unga mikononi.

"Punguza sauti, Mama Kiwia. Kuku wangu wanaatamia."

"Mume wangu hakushika panga siku ile."

"Nimeliona."

"Umeona la Geuza! Alishika isale. Nililikata mimi kwa mkono wangu, na kipande cha shina lake, nikampa. Nikamwambia, nenda kwa kaka yako, ugomvi wa maji uishe leo."

Anansia alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Isale, jani la masale yaleyale ya mpaka, halitajwi ovyo. Uliyemkosea ukimpelekea isale, hulazimiki kumpa maneno mengi; jani lenyewe ndilo ombi. Na aliyeletewa hasamehi kwa sababu amependa, anasamehe kwa sababu limeletwa. Kulikataa ni kuita balaa mlangoni kwako.

"Na huo mdomo," alisema, "miaka miwili ulishonwa na nani?"

"Ungefanya nini wewe? Mtu anapelekewa isale, analipiga chini, anakufa palepale! Ukoo mzima ungesema tumemlaani. Ndetaramo aliniapisha nisitamke."

"Kwa hiyo nikasimame Barazani niseme marehemu mume wangu alipiga isale chini. Ndicho ulichonijia?"

"Ukaseme ulichokiona."

"Nimeona panga."

"Mshenzi wewe! Hata chumvi ulikuwa ukiazima kwangu."

"Na nyinyi mliazima shamba. Chumvi nilirudisha."

Elirehema alitema mate chini, mbele kabisa ya lango, akaondoka bila kugeuka. Anansia alichukua ndoo akapamwagia maji pale. Kisha akasimama na ndoo tupu mkononi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

*

Anansia alikuwa mtu wa kupima sukari upya akifika nyumbani. Hakuwahi kumwamini mwenye duka, na sasa alijishangaa kwamba alikuwa ameiamini mashine ambayo hakuijua hata uso.

Aliitoa kamera kabatini. Ilikuwa na kioo chake mgongoni, kidogo kama kiberiti, na hicho kilijua kusoma umbizo lake chenyewe. Aliichaji kwenye sola, akakaa kitandani, akaiwasha.

Picha ilikuwa ukungu. Kundaeli alikuwa doa la bluu. Ndetaramo alikuwa doa la kahawia lenye mkono. Mkononi mlikuwa na mchirizi wa kijani, basi, hakuna kingine. Anansia alisogeza kioo hadi kikagusa pua.

Mkono ulipoinuka, ncha ya mchirizi ule ilichelewa. Ilining'inia kwanza, ndipo ikafuata.

Panga halilegei.

Aliirudia. Kundaeli anapiga kwa kiganja, kitu kinaanguka. Kwa Geuza kiliangukia nyasini. Hapa kilianguka majini, kikazunguka kidogo, na maji yakakichukua taratibu hadi nje ya picha. Kilikuwa kinaelea. Geuza ilikuwa imeshaamua kwamba kile ni chuma, na kwa kuwa chuma hakielei, ikakitafutia nyasi za kuangukia.

Halafu kulikuwa na mkono wa Kundaeli. Kwenye skrini ya steshenari ulikuwa mkono wa mtu anayejikinga, na Anansia aliulilia mkono ule. Sasa aliutambua. Ndio mkono uliokuwa ukisukuma sahani mezani Kundaeli akikasirika. Hakuwa akijikinga. Alikuwa akikataa.

"Umeona nini?"

Aikande alikuwa mlangoni, bado na sare yake ya uuguzi. Anansia alimpa kamera. Binti aliitazama, akairudia, akaizima yeye mwenyewe.

"Mama, weka kidole."

"Umeona lakini?"

"Nimeona ukungu. Na Baraza halisomi ukungu. Weka kidole, hiyo kadi isagwe, tulale."

"Atafungwa maisha, Aikande. Kwa jani."

"Afungwe kwa shamba!"

"Kwa shamba tulimshtaki."

"Tukaambiwa tulete ushahidi wa mpaka, wakati mpaka wenyewe ameung'oa. Basi Mungu ametupa ushahidi huu. Tunachagua?" Sauti yake ilipanda. "Unataka nipite njiani watu waseme, yule binti wa aliyekataa isale? Unataka waseme Baba aliuawa na kiburi?"

"Baba yako aliuawa na jiwe lenye utelezi. Kiburi alikuwa nacho siku zote na hakikuwahi kumuua."

"Basi kayasemee hukohuko Barazani," alisema Aikande, akaubamiza mlango hadi picha ya kipaimara chake ikaanguka ukutani.

*

Msajili wa Baraza alikuwa Bi Tausi Mbwana, mwanamke wa Tanga mwenye miwani na haraka. Ukumbi ulijaa. Ndetaramo alikuwa kizimbani, amekonda, na macho aliyomtazamia Anansia hayakuwa ya mtu anayeomba kitu.

Video ilionyeshwa kwenye skrini kubwa. Panga lilipometa, watu waliguna.

"Weka kidole hapa, mama. Useme maneno yako."

"Siweki."

Bi Tausi aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Unasemaje?"

"Picha hii si ile ile."

"Faili ulilileta wewe mwenyewe."

"Nililileta kabla sijaliangalia lenyewe. Kosa langu. Lakini sitaongeza la pili juu yake."

"Mama, Geuza haibadilishi picha. Inajaza palipo na pengo."

"Inajaza na nini?"

"Na kile kinachoelekea kuwepo."

"Kwa nani?"

Bi Tausi alivua miwani. "Sikiliza. Mashine imefunzwa kwa mamilioni ya picha. Mkono umenyooka, umeshika kitu kirefu, na aliye mbele anarudi nyuma. Katika picha hizo zote, hiyo ni silaha."

"Na katika mamilioni hayo, za kwetu Marangu zilikuwa ngapi?"

Kicheko kilipita ukumbini. Bi Tausi aligonga meza.

"Hapa si sokoni!"

"Ingekuwa sokoni ningepimiwa mbele ya macho yangu."

"Unajua adhabu ya kukana ushahidi wako?" Sauti ya Bi Tausi ilikuwa imeshuka, na ilikuwa mbaya zaidi hivyo. "Hutasimama tena mbele ya Baraza lolote, maisha yako yote. Kesi yako ya shamba ninaiona hapa. Nayo itakufa leo. Rudi kwenye akili yako, mama. Weka kidole."

Anansia alitazama viti vya mbele. Aikande alikuwepo, ameinamisha kichwa. Aliifikiria kahawa yake. Aliyafikiria maji yakipita upande wa pili wa ua, akiyasikia kila asubuhi. Kidole gumba chake kilikuwa kimekunjwa ndani ya ngumi kama cha mtoto.

"Naomba mgeuze upya," alisema. "Bila kujaza."

Njia hiyo ilikuwepo. Ilikuwepo tangu mwanzo, imefichwa chini kabisa ya ukurasa wa Geuza, na hakuna aliyeitumia kwa sababu hakuna aliyetaka kumwona bibi yake akiwa na mashimo. Bi Tausi alisonya. Lakini sheria ilimtaka, na yeye alikuwa mtu wa sheria. Aliichukua kadi, akabonyeza, akakunja mikono.

Faili lilipanda na kushuka. Skrini kubwa ikawaka.

Ilikuwa video iliyoliwa na mchwa. Migomba nusunusu. Kundaeli bila uso. Pale Geuza ilipokosa habari, palikuwa peupe tu. Na mkono wa Ndetaramo ulipoinuka, mwisho wake, mahali palipokuwa na panga, palikuwa na tundu jeupe.



"Ndilo hilo mnalotaka kumfungia mtu," alisema Anansia. "Tundu."

Kisha akairudisha kadi ndani ya kamera, akaisogeza mezani, na kile kioo chake cha kiberiti. Bi Tausi aliinama juu yake. Aliitazama, akairudisha, akaitazama. Hakuomba radhi, hakuwa na sura ya mtu anayejua namna ya kuomba. Aliuliza tu, kwa ukali uleule:

"Hiki kinachoelea ni nini?"

"Isale."

"Na marehemu hapa, anafanya nini?"

Anansia alijua kwamba swali hilo litakuja. Alilala nalo, akaamka nalo. 

"Analikataa," alisema.

Nyuma yake pumzi nyingi zilivutwa kwa pamoja. Mwanamke mmoja wa ukoo alisema, "Mae!" na kuziba mdomo. Aikande alisimama, akatoka nje.

"Baraza linaifuta picha," Bi Tausi alisema, akivaa miwani yake. "Mshtakiwa hana cha kujibu. Na wewe mama, jina lako linafutwa pia. Usirudi hapa."

Ndetaramo alimkuta kwenye ngazi za nje. Walisimama umbali wa mkono mmoja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupisha.

"Umemwaibisha kaka yangu mbele ya watu," alisema.

"Nimekutoa gerezani, shemeji."

"Sikukuomba."

"Najua. Na mimi sijakusamehe. Nimesema tu kwamba lile lilikuwa jani."

*

Watu wa ukoo waliacha kumsalimia. Kanisani benchi lake lilibaki na nafasi kubwa kulia na kushoto, akaweka mkoba upande mmoja na mwavuli upande wa pili, akakaa kwa raha zake. Aikande alirudi nyumbani, akapika, akala, hakusema. Huo ulikuwa mwanzo. Anansia alikuwa amelea mtoto huyo na alijua kwamba hasira yake huondoka kwa mlango uleule ilioingilia, ila polepole.

Asubuhi moja alisikia hodi. Ndetaramo alikuwa langoni. Nyuma yake, kama askari aliyeleta mfungwa, alisimama Elirehema. Habari zilishazagaa kwamba alikuwa amegoma kupika hadi mumewe aende anakotakiwa kwenda, na Ndetaramo alikuwa mtu wa kupenda kula.

Mkono wake ulikuwa umenyooka. Mkononi alishika isale bichi, majani yake marefu, na kipande cha shina chini yake. Ncha ilining'inia.

"Nimekuja, Mama Aikande," alisema akitazama pembeni. "Lile la kaka lilikataliwa. Nimeleta kwako."

Nyuso zilichomoza juu ya ua wa jirani. Aikande alitoka na kusimama mlangoni.

Anansia aliliangalia jani, akaliona lote, na hesabu yake. Akilikataa, yeye ni Kundaeli wa pili, na mambo mabaya yote yatakayoipata nyumba hii yatakuwa na sababu. Akilipokea, yamekwisha: aliyesamehewa amesamehewa, na shamba likiwa ndani ya msamaha huo. Ndetaramo hakuwa mjinga. Hakuna Baraza ambalo lingemsikiliza Anansia tena, na sasa hata mdomo wake unafungwa kwa jani.

Akanyoosha mkono, akalipokea.

"Aika," alisema. Asante.

Ndetaramo alishusha pumzi. Aligeuka nusu, tayari kwenda kula.

Anansia alimpita. Alichukua jembe lililoegemea banda la kuku, akateremka kihambani, akasukuma fito za ua wa shemeji yake hadi zikalegea, akaingia, akavuka mfongo kwa hatua moja. Watu walimfuata; hakuna aliyejifanya kwamba hafuati. Alisimama katikati ya kahawa ya Ndetaramo, mahali ambapo yeye na Kundaeli walipanda masale mwaka walipooana, na ambapo udongo bado ulikuwa na vishimo. Akachimba. Akalichomeka isale, shina chini, akalishindilia kwa kisigino.

"Shemeji, unafanya nini hapo?" Ndetaramo alifika akihema. "Hapo ni kwangu!"

"Umeniletea isale, nimelipokea mbele ya watu. Nimekusamehe. Sasa ni langu, na nimelipanda. Isale hushika upesi, wewe unajua."

"Hapo ni kwangu, nasema!"

"Basi ling'oe."

Akampisha. Akasimama kando kabisa, jembe begani, ili asimzuie.

Ndetaramo alisogea. Mkono ulinyooka kuelekea kwenye jani lake mwenyewe, ukasimama. Kila mtu juu ya ua alikuwa akiutazama mkono ule, na wote, bila mashine, waliona vizuri kilichokuwa mbele yake. Kung'oa mpaka wa mjane ni jambo moja. Watu huguna na kwenda zao. Kung'oa isale lililopokewa ni jambo jingine.  Alitafuta uso mmoja wa kumsaidia, asiupate.

"Mama Kiwia," alimwita mkewe, kama mtoto. "Sema naye."

Elirehema alimpita mumewe. Aliinama mfongoni, akachota maji kwa viganja viwili, akaja akiyavujisha njiani. Hakumtazama Anansia hata kidogo, wala Anansia hakumtazama.

Akayamwaga pale chini ya shina.